Freya Dinshah na jiko lisilochinja

Muganza, kwenye bonde la Bugarama wilayani Rusizi, Rwanda, sahani ya wali na maharage haimshangazi mtu. Mpunga uko mashambani, sombe, yaani majani ya muhogo, inatwangwa uani, na pesa ikiwa haba hata ndagala, wale dagaa, hawaonekani sufuriani. Mlo wa namna hiyo haukuhitaji kitabu. Lakini katika Marekani ya mwaka 1965 ulikihitaji, na aliyekiandika ni Freya Dinshah.

Neno "vegani" lilikuwa bado changa. Lilizaliwa Novemba 1944, pale Mwingereza Donald Watson na wenzake walipounda chama cha watu waliokataa nyama, maziwa na mayai pia. Mwaka 1946 Fay Henderson akatoa kitabu cha mapishi ya aina hiyo hukohuko Uingereza.

Freya naye alitoka Uingereza. Mwaka 1960 aliolewa na Jay Dinshah wa Malaga, New Jersey. Jay alilelewa bila kula nyama, lakini maziwa alikunywa. Mwaka 1957 alikwenda kuona machinjio mjini Philadelphia, na aliyoyaona yakamfuata hadi nyumbani. Alitambua kwamba ng'ombe wa maziwa naye, akishakauka, safari yake huishia palepale. Akaacha vyote, na mwaka 1960 akaanzisha American Vegan Society pamoja na jarida la Ahimsa, yaani kutodhuru.

Jay alihutubu. Lakini aliyeguswa na hotuba hurudi nyumbani, hufungua kabati na kujiuliza: leo nipike nini? Jibu lilikuwa kazi ya Freya. Kitabu chake, The Vegan Kitchen, kinatajwa na chama chao kuwa cha kwanza Marekani kubeba neno hilo kwenye jina lake. Mwaka 1975 wanandoa hao walikuwa miongoni mwa waandaaji wa kongamano la dunia la wasiokula nyama huko Orono, Maine. Jay alipofariki mwaka 2000, Freya aliongoza chama. Mwaka 2012, pamoja na binti yake Anne, alitoa kitabu cha kuwafundisha watoto kujipikia.

The Vegan Kitchen kingesomwaje Muganza? Kumwambia mama wa huku aache nyama ni kumkataza asichokipata kila siku. Maziwa ndiyo kesi. Salamu ya Kinyarwanda ya "Amashyo" humtakia mtu makundi ya ng'ombe. Ng'ombe ni mahari, ni zawadi ya rafiki, na tangu 2006 mpango wa Girinka huzigawia familia maskini ng'ombe wa kukamua. Washairi wa Rwanda wametunga sifa za ng'ombe tangu enzi za wafalme.

Kwa hiyo Freya na mfugaji wa Rusizi wanampenda mnyama yuleyule. Wanaachana njia asubuhi, chombo cha kukamulia kinapoletwa zizini: mmoja anakamua, mwingine angemwachia ndama.