Gugu Karoti: Mbegu Huota Wakati Gani, na Kwa Nini Jembe Pekee Halitoshi

Gugu karoti, kwa jina la kitaalamu *Parthenium hysterophorus*, ni mmea vamizi wenye asili ya Amerika ya kitropiki. Nchini Tanzania liliripotiwa mwaka 2010 mkoani Arusha. Majani yake hufanana na ya karoti, hivyo wakulima wengi hulitambua likiwa tayari limetoa maua meupe, na kufikia hapo huwa wamechelewa. Mmea mmoja uliostawi huweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000, ambazo husambazwa na maji, matairi ya magari, mifugo na mbegu za mazao zisizosafishwa.

Mbegu hizo huota katika joto la takriban nyuzi 8 hadi 30 za Selsiasi. Kwa hali ya hewa ya Arusha, ni nadra joto kuwa kizuizi. Kinachoamua ni unyevu: udongo ukilowa kwa siku kadhaa mfululizo, miche huchomoza kwa wingi, iwe ni masika, vuli au kando ya mfereji wa umwagiliaji wakati wa kiangazi.

Jambo la pili ni kina. Mbegu iliyo juu ya udongo au karibu na uso wake huota kwa urahisi, lakini iliyofukiwa zaidi ya sentimita 5 ni nadra kuchomoza. Hapo ndipo wengi hukosea. Anayelima kwa kina huona shamba safi msimu huo, kumbe mbegu alizozifukia hazijafa. Nyingi hubaki hai ardhini kwa miaka, ilhali zilizoachwa juu hupoteza uhai mapema zaidi. Jembe likirudi, huzipandisha tena.

Ardhi iliyo wazi, hususan kando ya barabara na kwenye malisho yaliyochakaa, huathirika zaidi kuliko iliyofunikwa na nyasi au mazao yaliyosongamana.

Gugu hili huweza kutoa maua wiki nne tu baada ya kuchomoza. Kwa hiyo shamba likaguliwe kila baada ya mvua, na miche ing'olewe na mizizi yake kabla ya kuchanua. Anayeng'oa avae glavu na nguo ndefu, kwa kuwa mmea huu husababisha muwasho wa ngozi na pumu. Uliokwisha kuchanua usitumike kama matandazo wala kutupwa njiani. Mwananchi anayeuona katika eneo jipya atoe taarifa kwa afisa ugani wa kata.