Mkunazini na Mbweni: Kanisa Lilijengwa na Nani?



Tukiwapeleka wageni Mkunazini, mazungumzo huanzia kwa Askofu Edward Steere na mara nyingi huishia kwake. Haki yake tumpe. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindi ambaye hakuwa Mkristo. Sehemu nyingine ilinunuliwa na mmisionari Arthur West. Steere alisimamia ujenzi, akabuni paa la tao lisilo na boriti za mbao, la saruji na matumbawe, na wengi mjini wakabashiri kwamba litaanguka. Halijaanguka mpaka leo. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Lakini askofu habebi mawe peke yake. Kazi kubwa ya mikono ilifanywa na watu walioachwa huru, ambao baadhi yao walishushwa kwenye majahazi yaliyokamatwa baharini, hawana ndugu, hawana shamba, hata lugha ya mjini hawaijui. Waongozaji wa watalii hupenda kuonyesha zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, wakisema mafundi walikosea askofu alipokuwa safarini. Watu hucheka. Sisi tunaziona kama sahihi ya watu ambao hatukuandikiwa majina yao.

Sasa twendeni Mbweni, maana huko ndiko habari yetu wanawake iliko. Misheni ilinunua shamba pale mwaka 1871, na walioachwa huru wakapewa mahali pa kujenga nyumba na kulima. Mwaka 1877 alifika Caroline Thackeray kuongoza shule ya wasichana, akaiongoza kwa miaka ipatayo 25. Wasichana walisoma, walishona, walifunzwa ualimu. Wengine walifundishwa kufua na kupika, na tusiyadharau hayo, kwa sababu kanisa lenye wageni kila wiki linajua thamani ya mpishi. Kutoka Mbweni walipatikana walimu na wake wa walimu. Mwaka 1882 Mbweni wakawa na kanisa lao, Mtakatifu Yohana, ambalo bado linasaliwa.

Hata kabla ya Mkunazini kumalizika, watu wa Mbweni walikuwa wameanza kutoa. Mwaka 1876 Steere aliondoka na kundi la walioachwa huru, wanaume kwa wanawake, wakavuka kwenda bara na kuanzisha makazi ya Kikristo Masasi. Hebu tufikirie mama aliyefungwa minyororo kutoka bara mpaka pwani, kisha akaifuata njia ya kurudi bara, safari hii kwa hiari, akapike, akalime, akawe jirani mwema wa kanisa ambalo bado halina hata ukuta. Mchango wake tutauandika katika daftari gani?

Tunauliza kwa sababu siku hizi mambo ya ujenzi tumemwachia padre na wafadhili. Mkunazini ulifanyika ukarabati mkubwa miaka ya karibuni kwa fedha nyingi za kutoka nje, na tunashukuru kwa moyo wote. Ila mfadhili hafagii Jumamosi. Hamtembelei mzazi aliyejifungua, hafundishi watoto wa shule ya Jumapili, wala hajui kwamba yule bibi wa benchi la nyuma hajaonekana wiki tatu. Zamu zikisomwa, tunasikia, "Mimi sina cha kutoa." Watu wa Mbweni walikuwa na nini?

Nehemia sura ya 3 inaorodhesha waliojenga ukuta wa Yerusalemu, fungu kwa fungu, na katikati ya makuhani, wafua dhahabu na wafanyabiashara ametajwa Shalumu, yeye pamoja na binti zake. Majina ya mabinti hayakuandikwa, kama ya Mbweni. Fungu lao la ukuta lilijengwa.

Jumamosi hii zamu ya usafi ina majina manne tu. Mwenye ufagio aje nao, na mwenye mtoto mdogo aje naye, tutapokezana kumbeba.