Risasi, nta na shamba la bondeni Ngorongoro

Barabara ya lami inayotoka Karatu hupita kando ya mashamba ya kahawa kwenye miteremko ya Oldeani, ikafika lango la Lodoare, kisha ikaanza kukwea ndani ya msitu wenye ukungu. Juu, ukingoni, mgeni husimama na kutazama chini zaidi ya mita 600, kwenye bonde la kilomita za mraba zipatazo 260. Humo bondeni, karibu na kijito cha Munge, yamebaki magofu ya nyumba ya mawe, na waongoza watalii huwaambia wageni kuwa hapo aliishi Mjerumani.

Wanasema kweli. Lakini baada ya Mjerumani, shamba hilo liliangukia mikononi mwa mtu ambaye hatajwi sana bondeni: Sir Charles Ross, mwenye ardhi kutoka Scotland, mvumbuzi wa bunduki iliyobeba jina lake. Jina la bunduki hiyo liliharibika vitani kwa sababu ya tofauti ya kipimo ambayo jicho haliwezi kuiona.

Ili kuielewa habari yake, inafaa kuanza na risasi yenyewe. Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: risasi ni madini mazito, laini, ya kijivu, na risasi ni kile kinachoruka kutoka kwenye mtutu. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na limehifadhi kumbukumbu ya enzi ambayo vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Mwindaji mwenye gobore aliyeyusha madini yake motoni, akayamimina kwenye kalibu, akasubiri yapoe. Gobore halikuwa na masharti makubwa. Mtutu wake ulikuwa laini ndani, na kitu chochote cha duara kilichoweza kuingia kingeweza pia kutoka.

Masharti yalikuja na mifuo, ile mistari inayojipinda ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi iende moja kwa moja. Sasa risasi ilipaswa kuubana mtutu. Ikiwa nyembamba, moto wa baruti huipita pembeni na kuiyeyusha ubavuni, nayo huyumba angani. Ikiwa nene kupita kiasi, hukwama. Hata yenye kipimo sahihi huacha utando wa madini ndani ya mifuo kila inapopita, mpaka bunduki nzuri inaanza kukosea shabaha kama gobore. Dawa ilikuwa mafuta: risasi ilichongwa vijifereji kiunoni, na vijifereji vikajazwa mchanganyiko wa nta ya nyuki na shahamu.

Shahamu hiyo iliwahi kutikisa himaya. Mwaka 1857 askari wa Kihindi katika jeshi la kampuni ya Waingereza iliyotawala India walipewa bunduki mpya za Enfield, na habari zikaenea kwamba karatasi za risasi zake, ambazo askari alipaswa kuzirarua kwa meno, zimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Wahindu na Waislamu walichukizwa kwa pamoja. Uasi uliofuata ulikuwa na sababu nyingi zilizojikusanya kwa miaka, lakini cheche yake ilikuwa grisi.

Kazi hiyo ya kupaka na kusawazisha ilipata mashine yake. John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko New Haven, Marekani, mwaka 1884, akiuza kalibu na vifaa vya watu waliotaka kujitengenezea risasi. Mwaka 1925 kampuni hiyo ikachukuliwa na Lyman. Mashine yenyewe ni ndogo, ya chuma cha kumimina, hufungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza. Ina mkono mrefu wa kushusha. Risasi husukumwa ndani ya tundu la chuma kigumu lenye kipimo kamili, ikaminywa hadi ikae sawa, na papo hapo grisi kutoka kwenye kopo la pembeni hujipenyeza kupitia vitundu na kujaza vile vijifereji. Mkono ukipandishwa, risasi inatoka imekamilika.

Mashine hizi zilijengwa kwa uimara kiasi kwamba nyingi bado zinauzwa kwa mtumba, na wapenzi wa vitu vya kale huko Marekani huzifufua kwa subira inayostahili heshima. Kikwazo cha kwanza huwa grisi ya zamani. Baada ya miaka mingi kabatini imekauka kama mshumaa na kufunga kila tundu, kwa hiyo chuma hupashwa moto polepole hadi ilegee na kumwagika. Kisha huja mafuta ya taa, brashi na vita na kutu. Sehemu ngumu zaidi huachwa mwisho: lile tundu la kupimia. Namba iliyogongwa juu yake haiaminiki sana, maana mmiliki wa kwanza huenda alilisugua kulipanua, au matumizi yamelila. Fundi mwangalifu hupitisha kipande laini cha madini ya risasi ndani yake, halafu hukipima kwa maikromita. Desturi ni risasi iwe nene kuliko mtutu kwa takriban elfu moja ya inchi, yaani milimita 0.025, ambayo ni pungufu ya unene wa unywele.

Fundi wa Karatu anayefufua gia za Land Rover iliyochakaa angeielewa kazi hiyo mara moja, ingawa mashine yenyewe si ya kuonekana kwenye karakana yake. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi si jambo la mtu binafsi kujifanyia uani. Kiwanda kinachojulikana kwa kazi hiyo ni cha Shirika la Mzinga, Morogoro, lililoanzishwa mwaka 1974.

Enzi ya nta ilidumu zaidi hapa kuliko ilivyodumu Ulaya. Kati ya mwaka 1884 na 1886 mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kiasi kwamba madini laini hayakuistahimili. Risasi ikavalishwa koti la shaba au chuma, na kipaka grisi kikapoteza kazi jeshini. Lakini vita vilipofika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, bado walikuwa wamebeba Mauser ya mwaka 1871. Risasi yake ya milimita 11 ilikuwa ya madini matupu yaliyoviringishwa karatasi, na nyuma yake kilikaa kisahani cha nta. Kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe lililomwonyesha adui mahali askari alipolala. Bunduki za kisasa zilizotekwa kwa Waingereza katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, zilipokelewa kama neema.

Ross alikuwa mtu wa enzi mpya kabisa. Alizaliwa mwaka 1872, akarithi eneo kubwa la Balnagown huko Scotland, na katika miaka ya 1890 alikuwa tayari anasajili uvumbuzi wa bunduki. Serikali ya Kanada iliingia naye mkataba, naye akajenga kiwanda Quebec. Komeo la bunduki yake lilivutwa moja kwa moja kwenda nyuma, bila kugeuzwa, na kwenye viwanja vya shabaha ilizishinda nyingi. Kwa wawindaji alitoa risasi ya .280, nyepesi na yenye kasi kubwa iliyosifiwa mno.

Afrika Mashariki iliijaribu sifa hiyo. Mapema mwaka 1911 George Grey, ndugu wa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alikuwa akiwinda katika nyanda za Athi, Kenya, na .280 ya Ross mkononi. Simba alimjia mbio. Grey alifyatua, risasi zikampata mnyama lakini hazikumzuia. Zilikuwa na kasi lakini zilivunjikavunjika kabla ya kuingia ndani vya kutosha. Simba alimrarua, naye akafa Nairobi siku chache baadaye. Wawindaji walilikumbuka tukio hilo kwa miongo mingi kila walipobishana kama kasi inaweza kuchukua nafasi ya uzito.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Chemba ya Ross ilikuwa imebana kwa ajili ya usahihi, na ilipewa risasi zilizotengenezwa Uingereza kwa haraka ya vita, ambazo maganda yake hayakulingana vizuri. Matope yakaongezeka, mtutu ukapata moto, komeo likakataa kufunguka. Wakanada walilipiga teke kwa buti huku Wajerumani wakisogea, na wengi waliitupa Ross na kuokota Lee-Enfield za Waingereza waliokufa. Chemba zilipanuliwa baadaye, lakini imani ilikuwa imekwisha. Mwaka 1916 bunduki ikaondolewa mstari wa mbele, ingawa walenga shabaha wa kuvizia waliendelea kuipenda, na mwaka 1917 serikali ikakitwaa kiwanda. Miaka mitatu baadaye Ross alilipwa fidia ya dola milioni 2.

Wakati huo shamba la Ngorongoro halikuwa na mwenyewe. Kabla ya vita Adolf Siedentopf na ndugu yake Friedrich Wilhelm walikuwa wamekodishiwa mashamba bondeni na utawala wa Kijerumani, katika ardhi ya malisho ya Wamasai, na kabla yao Wadatoga. Walifuga ng'ombe, wakawaalika rafiki zao kuwinda, na wakajaribu kuwafukuza nyumbu wote watoke bondeni. Nyumbu walirudi. Vita vikawaondoa Wajerumani wenyewe, mali yao ikahesabiwa kuwa ya adui, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 Ross akawa mwenye shamba. Msafiri Thomas Alexander Barns aliandika habari za bonde hilo katika kitabu kilichotoka mwaka 1923.

Kilichofuata ni kipande cha sheria kinachostahili kusomwa mara mbili. Utawala wa Waingereza ulianza kuweka mipaka ya uwindaji nchini kote mwaka 1921. Mwaka 1928 ukapiga marufuku uwindaji bondeni, ndani ya ukingo wote, isipokuwa kwenye yale yaliyokuwa mashamba ya Siedentopf. Kwa miaka kadhaa, basi, nyumbu aliyevuka mpaka asioujua aliingia kwenye kipande pekee ambamo mwenye bunduki alikuwa na haki ya kumpiga, kwa sababu tu kipande hicho kilikuwa na hati ya mtu. Mfugaji aliyekuwa na mkuki na ng'ombe wake hakuwa na karatasi kama hiyo, na ndiye ambaye kila sheria iliyofuata, hadi ile ya mwaka 1959 iliyoitenga Ngorongoro na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, imelazimika kurudi kuzungumza naye.

Bunduki zenyewe hazikuisha kwa sheria hizo. Katikati ya miaka ya 1960 mtafiti John Goddard aliwatambua faru 108 bondeni, mmoja mmoja. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza hadi wasifike 20. Wameongezeka tena, chini ya ulinzi wa askari wa uhifadhi, ambao nao wanabeba bunduki.

Ross alifariki Marekani, jimbo la Florida, mwaka 1942. Bunduki zake zimo katika makumbusho ya Kanada, na wako wanaozitengeneza upya kwa maikromita na brashi kama wanavyozitengeneza zile mashine za kupaka grisi. Huku Munge, zimebaki kuta za mawe.