Dawa na kinachoibeba: toka Kabambare ya 1870 mpaka kidonge cha leo

Mwaka 1870 David Livingstone alikwama Kabambare. Yeye aliandika "Bambarre", lakini ni hapo hapo kwetu. Vidonda vya miguu vilimkalisha chini tangu Julai mpaka Oktoba, na sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea tangu Januari 1867, lilikwenda na watu waliotoroka msafara. Alijaribu hiki na kile. Kilichomsaidia kilikuwa kimoja: malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, linasagwa juu ya jiwe lingine pamoja na mayi, kisha linapakwa kwenye kidonda kwa unyoya wa ndege.

Ninaomba muangalie hapo vizuri. Dawa ni shaba. Lakini bila kusagwa, bila mayi, bila unyoya, lile jiwe lingebaki jiwe. Wenzetu waliosoma famasia wana neno kwa vitu vya namna hiyo: ekisipienti, yaani kila kilichomo ndani ya kidonge au sindano ambacho si dawa yenyewe. Unga wa kushikamanisha, mafuta, kimiminika cha kuyeyushia. Wanafunzi wengi wanavipita haraka kwenye masomo, juu vinaonekana kama mfuko tu wa kubebea. Historia ya ugonjwa wa usingizi inatuonyesha mfuko unaweza kuwa na uzito gani.

Hiyo historia nayo inapita kwetu. Tarehe 27 Februari 1905 alifia Kasongo munganga kijana wa Uingereza, Joseph Everett Dutton, mwenye miaka 30. Ndiye aliyekitambua kijidudu cha ugonjwa wa usingizi kwenye damu ya mtu kule Gambia, na mwaka 1902 akakipa jina Trypanosoma gambiense. Alikuja Kongo 1903 na mwenzake John Todd, wote wawili wa shule ya magonjwa ya tropiki ya Liverpool. Kilichomuua si mbung'o. Ni homa ya papasi, wengine wanasema kimputu, ile ile ambayo yeye na Todd walikuwa wanaichunguza, na wote wawili iliwapata. Todd alipona. Bakteria ya homa hiyo leo inaitwa Borrelia duttonii.

Mwaka ule ule, kule Liverpool, ilionekana kwamba Atoxyl, dawa yenye arseniki, inaua trypanosoma ndani ya wanyama. Jina lenyewe lilitaka kusema "haina sumu". Ikaletwa kwa wagonjwa wa Kongo, na wengine ikawapofusha macho. Basi, majina ya dawa tusiyaamini sana.

Shida kubwa ilikuwa ubongo. Kijidudu kikiwa bado kwenye damu, dawa inaweza kukikuta. Kikishavuka na kuingia kwenye ubongo, kinajificha nyuma ya ukuta: mishipa ya ubongo inachuja sana, na dawa nyingi zinafika pale na kurudi. Mwaka 1949 ikaja melarsoprol, ambayo wazee wengi wanaijua kama Arsobal. Hiyo iliweza kuvuka. Lakini haikubali kuyeyuka kwenye mayi, kwa hiyo ikayeyushwa kwenye propileni glikoli. Kile kimiminika kilichoma mishipa ya mgonjwa kama moto, na sindano za plastiki kiliziharibu, ikabidi kutumia za kioo. Juu ya hayo, kati ya wagonjwa 100, watano mpaka kumi walipatwa na madhara makali ya ubongo, na karibu nusu yao walikufa. Tuwe wa haki: vifo vilitokana na arseniki, si na kimiminika. Hata hivyo watu walitibiwa hivyo miaka mingi, kwa sababu asiyetibiwa alikuwa anakwenda kufa.

Sasa ndiyo nanoteknolojia inaingia. Ukigawa milimita moja mara milioni, kila kipande ni nanometa. Siklodekstrini ni pete ya sukari inayotengenezwa kutokana na wanga, na tundu lake halifikii nanometa moja. Nje inapenda mayi, ndani inayakataa. Mwaka 2011 watafiti wa Glasgow walichapisha kwamba melarsoprol ikifungwa ndani ya pete hizo inaweza kumezwa kwa mdomo: panya waliokuwa na vijidudu mpaka kwenye ubongo walipona, na sumu haikuonekana kama ile ya sindano. Molekuli ni ile ile ya 1949. Kilichobadilika ni mbebaji. (Wako watakaobisha kama hiyo ni nanoteknolojia ya kweli. Kwangu kipimo kinatosha.)

Fikra hiyo imeshafika mbali. Doxil, dawa ya kansa iliyofungwa ndani ya viputo vya mafuta, ilikubaliwa Marekani mwaka 1995. Chanjo za Kovidi za Pfizer na Moderna zilibebwa na chembe za mafuta za kipimo hicho. Bila hizo, mRNA inavunjika kabla ya kuingia kwenye seli. Lakini ile ya Pfizer ilianza kwa kudai ubaridi wa karibu nyuzi 70 chini ya sifuri. Kasongo na umeme wake, hesabuni wenyewe.

Kwa ugonjwa wa usingizi, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilikubali NECT: serumu 14 kwa siku 7, pamoja na vidonge vya siku 10. Arseniki ikaondoka, lakini sanduku la wagonjwa wanne tu lilipita kilo 30, na mnajua barabara ya Kabambare wakati wa mvua. Halafu ikaja fexinidazole, iliyosajiliwa Kongo Desemba 2018: vidonge peke yake, siku 10, bila serumu. Haina pete wala viputo. Mbebaji wake ni chakula, kwa maana tumboni mtupu haiingii vya kutosha kwenye damu. Ndiyo maana kila siku, kwa siku zote kumi, muuguzi anatakiwa kuhakikisha kwanza kwamba mgonjwa amekula, ndipo amuangalie akimeza.