Damu ya Musoma

Mwaka 1949 kikosi cha Chuo Kikuu cha Oxford kilikuja Kenya kuuchunguza Mlima Kenya na maeneo yanayouzunguka. Wenzake wakihangaika na mimea na wadudu, kijana mmoja aliyekulia katika shamba la wazazi wake karibu na Gilgil alikuwa na kazi nyingine: kuwatoa watu damu. Huyu ni Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kulelewa katika Bonde la Ufa, akisomea udaktari. Alitaka kujua jamii za Kenya zina udugu gani, nani katoka wapi na nani ni jamaa wa nani, akitegemea makundi ya damu badala ya masimulizi ya wazee. Katika vipimo vyake aliongeza kimoja cha pembeni, cha kuangalia kama chembe nyekundu za damu zikikosa oksijeni zinajikunja na kuwa mfano wa mundu.

Kipimo hicho cha pembeni ndicho kilicholiingiza jina lake vitabuni.

Matokeo yalikataa kufuata kabila. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wamebeba jeni inayozikunja chembe hizo, jeni ya selimundu. Kwenye nyanda za juu hakupatikana hata mmoja katika 100. Wabantu wa pwani walifanana na Wajaluo wa ziwani, ambao lugha zao hazihusiani kabisa, wakatofautiana na Wabantu wenzao wa milimani. Ukiitazama ramani iliyotokea, ni ramani ya malaria. Allison alikwenda kutafuta makabila, akakuta mbu.

Ukipanda basi leo kutoka Kisumu kwenda Musoma, barabara yenyewe inakusomea matokeo hayo. Inaondoka kwenye joto la ziwa, inapanda hadi Kisii kwenye ubaridi, migomba na chai, inashuka Migori, inavuka mpaka Sirari, inapita Tarime kwenye mwinuko, kisha inateremka mpaka daraja la Kirumi juu ya Mto Mara na kuingia kwenye tambarare za ziwa. Ndani ya safari ya siku moja unatoka kwenye malaria, unapumzika, unarudi kwenye malaria. Nilipita njia hiyo nikiwa na jedwali la Allison ndani ya daftari, kwa sababu Musoma ndiko zilikotoka namba ambazo wanafunzi wa biolojia wa nchi za mbali hufanyia mazoezi ya hesabu hadi leo, wengi bila kujua mji huo uko wapi.

Namba zenyewe, alizozichapisha mwaka 1956, ni hizi. Watoto wachanga 287 walipimwa: 189 hawakuwa na jeni ya selimundu, 89 walikuwa nayo moja, na 9 walikuwa nazo mbili, yaani walizaliwa na ugonjwa. Watu wazima 654 walipimwa: 400 hawakuwa nayo, 249 walikuwa nayo moja, 5 walikuwa nazo mbili. Zisome taratibu. Kama watoto wote wangekua kwa uwiano uleule, kati ya watu wazima hao tungetarajia wagonjwa wapatao 20. Wako watano. Upande wa pili, wabebaji wa jeni moja ni asilimia 31 ya watoto, lakini kwa watu wazima wamefika asilimia 38. Hawakuongezeka. Ni wenzao wasio na jeni hiyo waliopungua, kwa kuwa malaria iliwachukua wengi zaidi.

Jedwali hilo, basi, ni orodha ya misiba ambayo haikuandikwa. Kuna watoto waliokufa kwa kurithi jeni mbili, na kuna watoto waliokufa kwa kutorithi hata moja. Aliyepata moja alipata kinga. Utafiti uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, miaka mingi baadaye ulionyesha kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90. Chanjo za malaria zinazotumika leo hazijafika hapo.

Ila mimi nilitaka kujua zaidi kuhusu njia iliyotumika kuupata ushahidi wa kwanza wa kinga hiyo. Mwaka 1953 Allison alirudi Afrika Mashariki. Karibu na Kampala alipima watoto wa Kiganda 290. Kati ya wabebaji 43, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 12. Kati ya wasio wabebaji 247, walikuwa 113. Ushahidi mzuri, lakini hakuridhika nao. Akachukua wanaume 30 wa Kijaluo, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji, wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Miongoni mwa wasio wabebaji, 14 walipata vimelea. Miongoni mwa wabebaji, wawili tu. Ripoti ilitoka mwaka 1954 katika jarida la madaktari wa Uingereza, na ikawa mojawapo ya ushahidi wa mwanzo kabisa wa uteuzi wa asili ukifanya kazi ndani ya mwili wa binadamu.

Ripoti inawaita watu hao 30 waliojitolea. Tusimwonee Allison: wakati huo kumwambukiza mtu malaria halikuwa jambo la ajabu hospitalini, maana homa yake ilikuwa tiba ya kaswende iliyofika ubongoni, na daktari wa Vienna aliyeibuni alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Waliougua walitibiwa. Lakini Kenya ya 1953 ilikuwa chini ya Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, na Mwafrika alikuwa akitembea na kipande chake cha utambulisho. Mwafrika aliyeombwa mkono na daktari Mzungu alikuwa na nafasi gani ya kukataa? Kanuni za Nuremberg, zilizosema ridhaa ya hiari ni sharti la kwanza, zilikuwa zimeandikwa tangu 1947. Kwa maoni yangu jaribio lile lisingepita leo mbele ya kamati yoyote ya maadili, Dodoma wala Nairobi, na sioni sababu ya kulisimulia kama ushujaa wa sayansi peke yake.

Majina ya wale 30 hayakuchapishwa. Hilo peke yake si kosa, kwani siri ya mgonjwa hulindwa hivyo. Tatizo ni kwamba hatukuwahi kuambiwa hata waliahidiwa nini.

Marekani, safari ya kuuelewa ugonjwa huu ilikuwa imeanza mapema zaidi. Mwaka 1910, Chicago, daktari James Herrick alieleza chembe zenye umbo la mundu katika damu ya mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyetoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949, mwaka uleule wa safari ya Mlima Kenya, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo ndani ya hemoglobini yenyewe, na Vernon Ingram akaja kuthibitisha kwamba tofauti ni asidi amino moja tu iliyobadilishwa na nyingine. Ulikuwa ugonjwa wa kwanza kufahamika hadi kwenye molekuli.

Huyo Pauling, mshindi wa tuzo mbili za Nobel, moja yake ya amani, mwaka 1968 alipendekeza kwa maandishi kwamba vijana wenye jeni ya selimundu wachorwe alama kwenye paji la uso, ili wabebaji wawili wakikutana wajue wasipendane. Hakuwa na chuki. Alikuwa akiwahurumia watoto ambao wangezaliwa na maumivu. Nalitaja jambo hilo kwa sababu hiyo hasa: fikra hiyo ilitoka kwa mtu mwema mwenye akili nyingi.

Alama haikuchorwa pajini, ila ilichorwa kwenye makaratasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 majimbo kadhaa ya Marekani yalipitisha sheria za kuwalazimisha watu weusi kupimwa, baadhi zikichanganya mgonjwa na mbebaji. Wabebaji wenye afya yao walinyimwa kazi na bima. Chuo cha Jeshi la Anga kiliwakataa mpaka mwaka 1981. Ugonjwa ulipewa rangi, ilhali Orchomenos, mji wa Wagiriki weupe, una wabebaji wengi, na India wamo kwa mamilioni. Ramani ya Allison ilikuwa imeshajibu hoja hiyo tangu 1954. Sheria ya shirikisho ya kuwazuia waajiri na bima za afya kumbagua mtu kwa vinasaba vyake ilipatikana mwaka 2008.

Kwetu swali linaingia nyumbani kwa mlango mwingine. Wachumba wanahimizwa wapime kabla ya ndoa, na Saudi Arabia kipimo hicho ni cha lazima tangu 2004, ingawa uamuzi wa kuoana huachiwa wenyewe. Naukubali mpango wa namna hiyo, mradi karatasi ya majibu isifike kwa mshenga wala kwa shehe au padri kabla ya wahusika. Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo wauguzi wanalijua vizuri. Mtoto mwenye selimundu ya jeni mbili amerithi moja kwa mama na moja kwa baba. Baba akipimwa akakutwa hana, daktari amejua jambo ambalo hakulitafuta. Aseme? Amwambie nani kwanza? Watafiti wa Kilifi walilipeleka swali hili kwa wanajamii wenyewe badala ya kulimaliza ofisini, na hilo nawapongeza. Kwenye familia nyingi mama ndiye anayelaumiwa kwa mtoto mgonjwa hata pasipokuwa na siri yoyote. Kipimo kikitumiwa vibaya, ndoa inavunjika na mtoto anakosa hata nauli ya kliniki. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na kipimo cha kuthibitisha mzazi wa mtoto hakifanywi kwa mtu kujiendea tu maabara kwa Mkemia Mkuu. Lazima apitie kwenye mamlaka zilizotajwa na sheria. Wengi huuona utaratibu huo kuwa usumbufu. Mimi nauona kuwa ulinzi wa mtoto.

Sasa tufike mwisho wa njia. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu iliyo ya kwanza duniani kuidhinishwa kati ya zinazotumia mkasi wa vinasaba uitwao CRISPR, na Marekani ikafuata Desemba. Seli mama za damu za mgonjwa hutolewa, swichi ya jeni inayozima hemoglobini ya mtoto wa tumboni hulemazwa maabara, mgonjwa hupewa dawa kali za kusafisha uloto wake, kisha seli zilizohaririwa hurudishwa. Victoria Gray, mama wa Mississippi aliyekuwa wa kwanza Marekani kupewa tiba hiyo kwa selimundu, mwaka 2019, alisimama mbele ya wanasayansi jijini London na kuwaeleza maisha yasiyo na maumivu yalivyo. Bei yake ilipoidhinishwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Takribani watoto nusu milioni huzaliwa na selimundu kila mwaka duniani, zaidi ya robo tatu yao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Sehemu ya maarifa tuliyo nayo kuhusu jeni hii ilipita katika damu ya Musoma, Kampala na Kenya. Dawa inayolingana na mifuko yetu ipo: haidroksiyurea, kidonge cha kila siku. Majaribio yaliyofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na kuchapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba hupunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto. Katika hospitali ya Muhimbili, wanasayansi wetu, akiwamo Profesa Julie Makani, wamefuatilia maelfu ya wagonjwa tangu 2004. Uwezo wa kutibu upo. Kinachokosekana ni mtoto kujulikana mapema.

Wapo wanaosema tuvuke hatua zote hizo, jeni ihaririwe kwenye kiinitete na ukoo usiwe nayo tena. Mwaka 2018 He Jiankui wa China alitangaza watoto mapacha waliohaririwa kabla ya kuzaliwa, akafungwa miaka mitatu. Kwa selimundu hoja hiyo ina tatizo ambalo watu wa Musoma wanalo kwenye jedwali lao. Ukiifuta jeni hii katika ukoo unaoishi kando ya ziwa, unawavua wajukuu kinga dhidi ya malaria huku mbu wangali palepale. Na hao wajukuu hawajaulizwa, wala hawana hata nafasi finyu ya kukataa waliyokuwa nayo wale watu 30. Kumtibu mgonjwa aliyeridhia ni jambo moja. Kuamua kwa niaba ya ukoo mzima ni jingine, na mimi nasema lisiruhusiwe.

Kamati zetu za maadili, ile ya taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa (NIMR) kwa Tanzania na wenzao wa Kenya na Uganda, zinapopitisha utafiti wa damu siku hizi hukagua fomu ya ridhaa na mkataba wa kusafirisha sampuli. Ziongeze kipengele kimoja: dawa ikipatikana, itauzwa kwa bei gani katika wilaya ilikotoka damu. Kiandikwe kabla ya sindano.

Nawe msomaji, ukiwa na mtoto mchanga, usingoje kamati. Uliza kliniki kipimo cha selimundu kinapatikana wapi, apimwe, na majibu yaandikwe kwenye kadi yake. Katika nchi zetu kipimo hicho bado hakimfikii kila mtoto anayezaliwa.