Mabadiliko ya entropia katika msawazo wa joto

Mabadiliko ya entropia katika msawazo wa joto ni hesabu ya themodinamikia inayoonyesha kwa nini kitu cha moto kikigusana na cha baridi, joto huelekea upande mmoja tu. Kanuni ya hifadhi ya nishati peke yake haikatazi joto kurudi lilikotoka. Kinachokataza ni entropia, iliyopewa jina hilo na mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius mwaka 1865.

Chukua kilo 1 ya shaba nyekundu yenye nyuzi 100 za Selsiasi, uitumbukize katika kilo 1 ya maji ya nyuzi 20, ndani ya chombo kisichopitisha joto. Joto mahsusi la shaba ni juli 385 kwa kilo kwa kelvini. La maji ni 4,186, ndiyo maana shaba hupoa sana ilhali maji hayapandi sana. Vyote hutulia kwenye nyuzi 26.7. Shaba imetoa juli 28,200 hivi, na maji yamepokea hizohizo.

Badiliko la entropia hupatikana kwa kugawanya joto kwa halijoto ya kelvini, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza: huchukua joto hilo wakaligawa kwa halijoto ya kuanzia. Lakini halijoto haikusimama, ilikuwa ikibadilika muda wote. Kila sehemu ndogo ya joto inapaswa kugawanywa kwa halijoto ya wakati huo, ndipo yote yajumlishwe. Jumla hiyo hutoa fomula:

ΔS = mc ln(T₂/T₁)

ΔS ni badiliko la entropia, m ni masi, c ni joto mahsusi, T₁ ni halijoto ya mwanzo, T₂ ya mwisho, zote mbili kwa kelvini. Kwa Selsiasi jibu halina maana. Shaba, kutoka 373.15 hadi 299.9, hupoteza juli 84 kwa kelvini. Maji, kutoka 293.15, hupata 95. Jumla ni +11, na kwa kuwa jumla ya entropia haiwezi kupungua, joto halirudi lilikotoka. Ile njia ya mkato ingetoa karibu 21, takriban maradufu.

Fomula hii hukokotolewa kana kwamba badiliko lilikwenda polepole na lingeweza kurudishwa nyuma, jambo ambalo shaba iliyotumbukizwa haifanyi. Si kosa: entropia hutegemea hali ya mwanzo na ya mwisho, si njia iliyopitwa.

Barafu inayoyeyuka haiingii katika fomula hii. Halijoto yake husimama kwenye kelvini 273.15, kwa hiyo hapo kugawanya moja kwa moja ni sahihi: kilo 1 hupokea takriban juli 334,000, na entropia yake huongezeka kwa juli 1,220 hivi kwa kelvini.