Ukuta wa Masisi na Walikale: kutoka fito hadi mbao

Katika vilima vya Masisi, mkoani Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambavyo vingi vinapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kukandika nyumba ni kazi ya jamaa na majirani. Nguzo husimikwa, fito au mianzi hufungwa kwa kamba ndani na nje, na udongo uliokanyagwa kwa miguu hujazwa katikati. Ukikauka hupasuka. Hapo ndipo umaliziaji unapoanza: nyufa huzibwa kwa udongo laini uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, viganja hulainisha, na mwenye uwezo hupaka chokaa.

Katika eneo jirani la Walikale, chini kwenye msitu mkubwa, ng'ombe ni adimu. Huko msitu ndio hutoa kila kitu: fito, kamba, majani mapana ya kuezekea.

Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilianza kuleta familia kutoka Rwanda na kuzipa makao Gishari, Masisi; mpango huo uliendelea hadi 1955. Misitu ya vilimani ilikatwa kuwa mashamba na malisho, kisha mikaratusi ikapandwa. Mti huo hukua haraka na hutoa nguzo na mbao, na nyumba za mbao zikaongezeka kando ya barabara. Mbao hutaka misumari, na misumari hutoka dukani. Ukuta ukaanza kudai fedha taslimu.

Ulimwenguni kwingine ukuta ulikwenda njia tofauti. Mwaka 1894 Augustine Sackett alipata hataza Marekani kwa ubao wa jasi na karatasi uliogongomelewa kwenye fremu. Ubao huo ungeteseka Masisi. Jasi hunywa maji, nayo mvua huko ni ya miezi mingi. Jasi huvunjika kwa mitikisiko, na barabara ya Sake kwenda Masisi ni matope na mashimo. Walikale ilikuwa mbali zaidi: kwa miaka kadhaa ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami huko Kilambo kuchukua madini ya bati. Barabara ilifaa kwa ndege kuliko kwa lori.

Mbao zilipata soko kubwa mjini Goma. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkeno ya Nyiragongo ilifunika takriban asilimia 13 ya mji. Kuchimba msingi kwenye mwamba huo mgumu ni adhabu, lakini nyumba ya mbao husimama juu ya mawe yaliyopangwa, na mwenyewe akihama huing'oa na kuondoka nayo. Ndani, wengi hufunika nyufa kwa katoni, turubai au plaiwudi.

Ukuta wa udongo hauhamishiki. Hutaka mwenyewe awepo, aupake upya mvua inapoukwangua. Tangu mauaji ya soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, watu wa maeneo haya wamekimbia mara nyingi mno; Machi 2025 waasi wa M23 waliingia Walikale mjini, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Nyumba iliyoachwa misimu michache huliwa kuanzia chini: matone ya paa huchimba msingi, udongo humeguka, fito hubaki wazi. Wanaorudi hulazimika kuanza na nguzo na mabati, huku turubai ikishika nafasi ya ukuta hadi udongo wa kukandika upatikane, pamoja na watu wa kuukanyaga.